Madoa Asiuzwe Jumamosi

Tegeta, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Dada yangu Atupele,

Shikamoo dada. Na Mama mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Ukimkuta kalala, msubiri aamke, usimshtue. Vipi kifua chake? Usiku analala au bado anakaa kitako akitafuta pumzi? Na mgongo wako je? Mimi mwili ni mzima, nakula na kazi nafanya, ila moyo hautulii hata kidogo. Tangu uliponiambia kwamba mnunuzi anakuja Jumamosi hii kumchukua ng'ombe wetu Madoa, nimekuwa mtu wa kukaa na kusimama. Hata sasa hivi, kabla sijamaliza mistari hii, nimeinuka kwenda kuwasha jiko bila kuwa na cha kupika, nikalitazama, nikalizima, nikarudi kukaa.

Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Lakini dada, mimi na wewe kwenye simu hatuongei, tunagombana. Wewe unaweka spika ili Mama asikie, Mama anaingilia kati, mimi napandisha sauti, na kitochi chako kinazima. Mara ya mwisho ulinikatia, na usiniambie ni mtandao. Karatasi huwezi kuikatia. Mwalimu anayepanga nyumba ya pili kutoka hapa anasafiri kesho alfajiri kuja likizo kwao Tukuyu, na nimemwapisha akuletee mkononi, asiiache dukani ikasomwa na kijiji kizima kabla yako.

Jambo lenyewe ni hili: usimuuze Madoa. Nimekuelewa vizuri, usidhani sikukuelewa. Daktari kasema Mama atoke kwenye moshi wa kuni, na wewe umeona njia ni moja tu, Madoa auzwe, ununuliwe mtungi wa gesi pamoja na jiko lake, abaki yule mtamba ambaye hajazaa bado peke yake bandani. Ni mawazo ya mtu mwenye akili na mwenye huruma. Ila dada, unauza gesi ili ukanunue gesi! Mtungi nauona hapa mtaani kila siku. Ukiwa mpya mama mwenye nyumba anatamba nao, ukiisha unakaa pembeni ya mlango umefunikwa kitambaa, na mkaa unarudi. Huko kwetu ukiisha nani ataubeba mpaka mjini na kuurudisha mlimani? Mama atarudi kuinamia mafiga yake, na ng'ombe hatakuwepo tena.

Ngoja nikueleze yaliyotokea hapa, maana kwenye simu sikukueleza, na sababu utaiona.

Bi Zainabu, mwajiri wangu, huwa namtaja tu juu juu. Ni mama wa Kiarabu, ingawa ukimwita Mwarabu atakuuliza wa wapi, kwa sababu kazaliwa hapa hapa na Kiswahili chake kinatushinda wote. Marehemu mumewe alikuwa na duka la vyakula, na ndiye aliyejenga hapa Tegeta wakati ule pakiwa pori na mikorosho. Nyuma ya nyumba aliweka ng'ombe wa maziwa, nao ndio kazi yangu mpaka leo: kuwalisha, kuwakamua, kuwafanyia usafi na kuuza maziwa getini asubuhi.

Sasa pori limekwisha. Kila upande ni ukuta na geti, na walionunua viwanja juzi wamekuja na madirisha makubwa, wakakuta zizi lilikuwepo kabla yao, wakaudhika. Jirani yetu wa ukuta mmoja, Baba Joyce, karani mstaafu, alikwenda kushtaki serikali ya mtaa. Mwenyekiti akaja na leso yake puani, akasema, "Bi mkubwa, mie sina ugomvi na wewe. Ama harufu iondoke, ama ng'ombe waondoke." Ndipo ulipojengwa mtambo wa gesi ya samadi, ule ambao wewe unauita "gesi yako ya mavi" na kucheka peke yako.

Bi Zainabu aliukubali kwa ajili ya harufu tu. Habari ya kupikia alikataa kabisa.

"Mie nile chakula kilichoivishwa na mavi?" alisema. "Hiyo najisi, Tusa. Na sala zangu hizi nizipeleke wapi?"

Fundi Chande, aliyejenga mtambo, ni mtu wa Temeke, mpole, anaongea kama anayembembeleza mtoto. Alimweleza kwamba samadi yenyewe inabaki chini ya ardhi, kinachopanda kwenye bomba ni hewa tu. Bi hakutaka kusikia. Mpaka siku kaka yake, mwalimu wa madrasa, alipokuja kumjulia hali akaukuta ubishi huo mezani. Akamuuliza, "Dada, huo mkaa wako, mti wake ulikojolewa na mbuzi wangapi kabla haujakatwa? Ulishawahi kuuliza?" Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Bi hakucheka, lakini kesho yake alichemshia maji ya kuoga. Siku iliyofuata chai. Haikupita wiki akapika wali wa nazi, huku akiutazama moto kama mgeni ambaye bado hajaamua kumwamini.

Na moto wenyewe dada, ungeuona! Wa buluu, umetulia, hauna moshi, hauna cheche, hautoi machozi. Sufuria haishiki masizi. Unakumbuka tulivyokuwa tukisugua sufuria za Mama kwa majivu mpaka kucha zinaisha? Hapa kazi hiyo nimeisahau. Asubuhi nazoa samadi, ndoo moja ya samadi kwa ndoo moja ya maji, nakoroga kwenye kisima kidogo cha saruji mpaka iwe nyepesi kama uji, natoa majani na vijiwe, kisha nafungua kizibo inateremka kwenye tangi lililofukiwa ardhini. Humo gizani kuna vijidudu vinaila, na pumzi yao ndiyo gesi. Iliyokwisha kuliwa inatoka upande wa pili ikiwa tope laini lisilo na ile harufu, nzi wanalipita, na ukilitia shambani ni mbolea ya kweli. Mchicha wetu umekuwa na majani mapana mpaka Baba Joyce, yule yule mshitaki, akaanza kuchungulia ukutani na kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna dumu la kumpa.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mazuri. Harufu ilipungua, Mwenyekiti akatoa leso puani, na mimi nikaanza kukupigia kelele kwamba na kwetu tujenge. Unakumbuka. Halafu ghafla nikanyamaza, na ulipoleta habari ya mnunuzi ukaniuliza kwa kejeli, "Hiyo gesi yako ya mavi iko wapi leo?" Sikukujibu. Siyo kawaida yangu kukosa jibu, na wewe ukadhani nimekubali. Sikuwa nimekubali. Siku ile mtambo wetu ulikuwa umekufa, na sikuwa na uso wa kubishana na wewe.

Ulikufa hivi. Kila mwaka Bi Zainabu humsomea mumewe hitima. Watu wanakuja, Kurani inasomwa, wanakula, wanamwombea marehemu. Safari hii mikeka ilipangwa kutandikwa ua wa nyuma penye kivuli, na ili ufike huko lazima upite ubavuni mwa zizi. Bi hakulala kwa kuwaza wageni wake watapita karibu na samadi wakiwa na udhu wao. Jumapili ya kabla ya hitima, mimi nikiwa kanisani, akajifunga kanga kiunoni, akachukua chupa za dawa ile kali ya kusafishia vyoo na kuulia vidudu, akaosha zizi zima peke yake na umri wake ule. Akaosha sakafu, akaosha mfereji, akasugua hata kisima changu cha kukorogea mpaka kikanukia kama wodi. Maji yote yakateremka tangini.

Niliporudi nilimkuta kakaa kwenye kigoda, kalowa, anahema, anatabasamu. "Nimekusaidia, mwanangu. Leo zizi lako limetakasika." Na mimi, dada, nilimshukuru! Nilimshika mikono, nikamwambia Mungu ambariki. Sikujua lolote.

Baada ya siku moja hivi moto ukapungua. Kesho yake ukawa unarukaruka na kuzimika. Asubuhi ya hitima nikawasha kiberiti, jiko likatoa pumzi moja fupi likanyamaza. Pilau ilikuwa inapikwa nje kwa kuni na wapishi wa kukodi, lakini chai na maandazi ya wanawake vilikuwa vipikwe jikoni, na Bi alikuwa kawatambia wakwe zake wa Mikocheni kwamba siku hizi yeye hanunui mkaa. Ikabidi nikimbie kutafuta mkaa mtaa wa pili nikiwa na aproni. Tena hilo lilikuwa dogo. Tope lililokuwa likitoka upande wa pili likaanza kunuka, siyo harufu ya samadi tuliyoizoea, ni uvundo wa kitu kilichooza ndani ya chupa. Na wageni ndio wanaingia, Baba Joyce na kanzu aliyoazima, Mwenyekiti nyuma yake.

Mwenyekiti alikula, akaomba dua, akanawa. Wakati wa kuaga akavuta hewa, akasema taratibu ili asimwaibishe mtu, "Bi mkubwa, naona mambo yamerudi kulekule. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo wananchi watanielewa vibaya."

Watu walipoondoka Bi Zainabu aliingia jikoni, akakaa sakafuni karibu na jiko, akalia. Sijawahi kumwona akilia. "Ni mie," alisema. "Nilijua tangu mwanzo. Nimepikia najisi, na Mungu kaningoja mpaka hitima ya mume wangu anionyeshe mbele za watu." Nilimwambia siyo hivyo, lakini nilikuwa nasema tu, sikuwa na ushahidi. Ng'ombe walilia bandani, na mimi nikawa nahesabu kichwani nitakwenda wapi wakiondolewa. Kisha ndiyo simu yako ikaingia, na habari ya Jumamosi. Sasa unaelewa kwa nini nilinyamaza.

Fundi Chande alikuja alipopata nafasi. Hakuuliza maswali mengi. Aliinama kwenye kisima cha kukorogea, akanusa, akatuangalia.

"Nani kaua?"

"Kaua nani?" Bi akaruka.

"Wadudu. Humu ndani mna wadudu hai, bibi yangu, ndio wanaotengeneza gesi. Nyie mmewanywesha dawa."

"Mie nilikuwa nasafisha!"

"Ndiyo, umesafisha. Umewasafisha wote."

Nilidhani Bi atamfukuza. Badala yake alimkodolea macho kwa muda, halafu uso ukaanza kulegea, akaweka mkono kifuani. "Kwa hiyo siyo Mungu," akasema. "Ni chupa." Akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Mimi sikucheka, mimi nilikuwa nataka kujua kama waliokufa wanafufuka.

Wanafufuka, kwa maana ya kwamba unaleta wengine. Fundi alisema tutoe lile tope lililoharibika kadiri tunavyoweza, kisha tukaombe tope hai kwenye mtambo unaofanya kazi, tulitie humo pamoja na samadi mbichi, tungoje. Kuna mtambo mwingine alioujenga Goba kwa mama mmoja mfugaji. Basi nikaenda na madumu, nikayajaza, nikakodi bajaji. Nakusimulia hili ucheke kidogo, maana najua umekunja uso.

Kijana wa bajaji akaniuliza, "Sista, mzigo gani huo?"

Nikamwambia ni uji.

"Uji? Mbona mwingi hivyo?"

"Wa wagonjwa."

Akaridhika. Tulipofika kwenye tuta la barabara ya vumbi, dumu moja likarusha kizibo. Alisimama katikati ya njia, akatoka nje. "Sista! Sie tunabebaga abiria, hatubebagi vitu kama hivi! Hao wagonjwa unataka kuwaua?" Nilimwoshea bajaji yake mpaka matairi mbele ya geti, huku dada wa kazi wa nyumba za ghorofa wakinichungulia na kuniita mama samadi. Waache waniite. Wao asubuhi wanapuliza mkaa.

Halafu ikaja kungoja. Dada, wewe unanijua kwa kungoja. Nilikuwa nafungua koki asubuhi, mchana, jioni, kila nikipita. Bi akawa ananigombeza, "Waache wale! Mtu hawezi kula unamchungulia mdomoni." Na yeye nilimkuta mara mbili ameinama pale pale kwenye koki, akajifanya anatafuta sindano. Chupa za dawa kazifungia kabatini na ufunguo anatembea nao. Samadi nilikoroga kwa maji matupu, na kila nilipokoroga nilimwona Madoa anafunguliwa kamba bandani kwetu, anashushwa kilimani na mtu asiyemjua jina.

Jana asubuhi Bi alichukua kiberiti mwenyewe. Akasema bismillahi, akafungua koki. Ukawaka. Mdogo kwanza, halafu ukajaza jiko lote, buluu ile ile. Tulishikana mikono kama watoto. Uvundo ulikuwa umeshaanza kwisha siku mbili tatu kabla, na jioni Baba Joyce alipitisha dumu tupu juu ya ukuta bila kusema neno, nikajua tumesamehewa. Ndiyo maana naandika leo na siyo juzi. Juzi ningeandika nini?

Sasa nije kwetu. Fundi Chande nimemuuliza mpaka amechoka nami. Kasema mtamba peke yake atakupa moto wa kuchemshia chai, basi. Wakiwa wawili, wanafungiwa bandani kama hawa wa Bi, hapo nyumba ya watu wachache inapika mchana na jioni. Umeona? Ukimtoa Madoa hakuna tena cha kujenga. Maji kwetu siyo shida, mvua inatuchosha. Baridi ndiyo adui, maana wale vijidudu hupenda joto, kwa hiyo tangi likae upande wa jua, mbali na kivuli cha migomba, na gesi itakuwa ya polepole kuliko ya huku. Sikufichi. Yuko fundi mwenzake Mbeya mjini aliyejifunza naye, kanipa namba yake, nimeshaongea naye. Saruji na ujira wake nitalipa kwa akiba yangu, kuchimba shimo na kusomba mawe ni juu yetu. Tope lake litamwagwa kwenye migomba, na wewe utaona mikungu.

Mama aliniuliza swali kwenye simu kabla hujakata. "Hiyo gesi yenu itanipasha miguu?" Wewe ulicheka. Mimi swali hilo limenikosesha raha siku zote hizi. Nilimpelekea Fundi Chande, akanitazama kwa mshangao na jasho linamtiririka, akasema, "Kwetu sie hilo swali hatuna." Ni kweli, hapa jikoni kwa Bi mtu anapika na kanga shingoni ya kujifutia. Lakini Mama haketi pale mafigani kwa sababu ya ugali. Anakaa kwa sababu ya baridi, na kwa sababu pale ndipo alipotulea. Ukimnunulia mtungi au ukimjengea mtambo, jioni bado atataka kuchochea kuni apate joto, na kifua kitabaki kile kile. Hatujalijibu swali lake, wote wawili.

Na wewe uliuliza lako, siku zile nilipokuwa bado nakupigia kelele tujenge. Ulisema, "Haya, tukijenga, nani atakoroga hayo mavi kila asubuhi? Mimi?" Nikadhani unanidharau kazi yangu, nikakujibu vibaya. Leo nimekaa na hilo swali tangu nitoke kanisani. Nimekupigia hesabu ya asubuhi yako, dada. Majani ya ng'ombe. Kukamua. Maji ya Mama ya kuoga, kumgeuza, uji wake. Kuni kutoka kule bondeni na huo mgongo. Ndizi za gulioni. Jioni unaanza upya. Na mimi nakupigia simu kutoka Dar nakuongezea ndoo za kukoroga! Nadhani humuuzi Madoa kwa ajili ya mtungi. Unamuuza kwa sababu umechoka, na ng'ombe mmoja akiondoka inapungua kamba moja ya kufungua asubuhi. Kama ungeniambia hivyo nisingebishana. Lakini wewe huwezi kusema umechoka, hujawahi.

Nilikuwa nimefika hapo, kalamu imesimama, nikasikia geti. Bi Zainabu karudi kutoka kwa binti yake Mikocheni, analalamika foleni ya barabara ya Bagamoyo. Nikamwekea chai. Nikamwambia kabla hajaigusa, kwa sababu ningengoja ningeogopa. Nikamwambia nataka kwenda kwetu, mama yangu kifua kimembana, dada yangu yuko peke yake.

Alikitazama kikombe. Kisha akasema, "Na hapa nani atakoroga?"

Dada, neno kwa neno. Swali lako lile lile, jikoni kwa mtu mwingine.

Nikamwambia nitamfundisha mtu kabla sijaondoka. Akasema, "Asiwe mvivu." Nikasema hatakuwa mvivu. "Na asiwe mtu wa kupenda dawa dawa." Nilitaka kucheka lakini macho yake yalikuwa yamejaa. Akaenda chumbani akaiacha chai inapoa, na mpaka sasa hajatoka. Sijui amekasirika au analia. Nimepita mlangoni mara mbili, nimeshindwa kubisha.

Basi jibu lako ndilo hilo. Atakayekoroga ni mimi. Nakuja, siyo kutembea. Nipe muda wa kumpata mtu wa hapa na kumsimamia mpaka mkono wake uzoee, halafu napanda basi. Mnunuzi akija Jumamosi mpe maziwa anywe, umwambie mwenye ng'ombe yuko njiani. Akikasirika akasirike. Kuni usiende tena bondeni wewe, mwombe mjomba akupunguzie kwa hizi siku chache, na Mama muweke karibu na mlango pakiwa na moshi.

Na umjibu Mama swali lake. Mwambie Tusa kasema gesi haipashi miguu, hilo alijue mapema asije akadanganywa. Miguu nitaipasha mimi. Nitaiweka mapajani chini ya blanketi kama alivyokuwa akiiweka ya kwetu tukitoka mtoni, na tutakaa jikoni hapo hapo mpaka atakapotaka kulala.

Nisalimie mjomba, kaka yake Mama, aliyetufundisha kukamua na bado anadai mimi namuumiza ng'ombe. Nisalimie mama mdogo wa ng'ambo ya mto, mwambie sijasahau kikapu chake. Nisalimie wifi mwenye cherehani na mzee wa kanisa anayemletea Mama sakramenti nyumbani. Mtamba mkune kichwani kwa ajili yangu, na Madoa mkune zaidi. Kwa Mama, salamu yetu ya mugonile, na kwako wewe, asante sana, ndaga fijo, dada, kwa miaka yote hii ambayo hukuniuliza narudi lini.

Mdogo wako anayekupenda na kukuudhi,
Tusajigwe

Tena: lile koleo la Baba lililo nyuma ya mlango, usimwazime mtu, tuna shimo la kuchimba.